Musyoki si Musyoka

Kaburi liko Taukkyan, nje kidogo ya Yangon, katika Myanmar, nchi ambayo wazee wetu mpaka leo huiita Bama. Ni jiwe fupi, halifiki goti, na juu yake bamba la shaba lenye jina, nambari na tarehe. Picha yake ilitundikwa sebuleni kwa baba mkubwa kuanzia Desemba 2018 hadi Aprili 2021. Aliyezikwa pale si wetu. Mimi ndiye niliyemwingiza nyumbani, kwa sababu jina lake lilifanana na la mtu tuliyekuwa tukimtafuta.

Tuliyemtafuta ni kaka mkubwa wa babu yangu. Aliitwa Musyoki, na baba yake Kyalo. Alitoka kwetu Machakos kijana asiye na mke, akaandikwa jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na hakuonekana tena. Baba mkubwa alizaliwa mwaka uliofuata msiba huo akapewa jina lake, ndiyo maana habari hii ilimkaa moyoni kuliko watu wengine wote wa ukoo. Alikuwa akisema hawezi kuzeeka na jina la mtu asiyejua amelala wapi.

Asiyejua Kikamba inafaa aelezwe kidogo hapa, la sivyo hataona nilivyopotea. Musyoki na Musyoka ni majina mawili, na yote yanatokana na kitenzi kimoja, kusyoka, yaani kurudi. Nzioka na Nzioki nayo yametoka humo humo. Ni majina anayopewa mtoto ambaye watu wanaona kuna aliyetangulia amerudi kupitia kwake. Kwa sikio la mgeni majina haya manne ni kama jina moja lililotamkwa na watu wanne. Kwetu sisi hayafanani hata kidogo. Ukiita Musyoka kwenye uwanja wa shule, Musyoki hageuki.

Sasa mweke kijana wa namna hiyo mbele ya karani wa kuandikisha askari. Karani si Mkamba, lugha ya hapo mezani ni Kiswahili cha KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza hapa Afrika Mashariki), foleni ni ndefu. Kijana anataja jina lake kama alivyoitwa na mama yake. Kikamba kina irabu saba, na ile tunayoiandika ũ huwa kati ya u na o, kwa hiyo mmoja ataandika Mu- na mwingine Mo-. Ile -sy- haipo katika Kiswahili. Atakayeisikia ataandika si, au sh, au th. Nimeona kwa macho yangu Musioki, Mushoka, Mosioka na Muthioki, yote yakiwa majaribio ya kukamata sauti ile ile. Halafu likafuata jambo la pili. Wazee wetu hawakuwa na jina la ukoo kwa maana ya Kizungu. Mtu alikuwa Musyoki wa Kyalo, basi. Fomu ilidai jina la mwisho, na jina la baba likageuzwa kuwa jina la ukoo la mtu ambaye hajawahi kuwa nalo.

Nilianza kutafuta mwaka 2018, kwenye orodha za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Tume hiyo iliundwa mwaka 1917, na orodha zake ziko wazi kwenye intaneti. Mtu yeyote anaweza kuingiza jina, nchi, kikosi au tarehe. Nyumbani kila mtu alijua kwamba marehemu alikufia Bama, kwa hiyo niliifunga nchi hiyo moja tu, nikaandika jina kwa kila tahajia niliyoweza kufikiria. Usiku wa tatu nikampata Musyoka, askari wa KAR, aliyefariki Novemba 1944, mwana wa Kiilu. Nikasema moyoni: Kiilu ndiye Kyalo. Karani alisikia vibaya, irabu zimehama, lakini K ipo na L ipo. Na Musyoka ndiye Musyoki. Nilikuwa na simu mkononi saa saba za usiku, natetemeka kwa furaha, na kila herufi iliyokataa nilikuwa na jibu lake tayari.

Vitu vitatu vilikuwa vimenikataza, na nataka kuvitaja kimoja kimoja kwa sababu vyote vilikuwa mbele yangu usiku ule.

Kwanza, rekodi ilisema anatoka Kitui. Sisi ni watu wa Machakos tangu enzi za mababu. Nikajiambia kwamba kwa Mzungu wa siku hizo Ukambani wote ulikuwa nchi moja.

Pili, susu, yaani nyanya yetu, alikuwa akisema kwamba mtu aliyeleta habari alitamka hivi: maji yamemchukua. Aliyasema hayo mara nyingi, kwa maneno yale yale, bila kuongeza wala kupunguza. Nilipokuwa nikisoma kuhusu vita vya Bama nikakuta kwamba Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa za mwaka 1944, matope hadi kiunoni, malaria kila upande, ikafika Kalewa mwanzoni mwa Desemba na kuvuka mto Chindwin. Nikakamata mto huo kwa mikono miwili. Maji yaliyomchukua ni ya Chindwin! Kumbe rekodi niliyoishika inaonyesha mtu mwenye kaburi, na nyanya alikuwa akizungumzia mtu aliyechukuliwa. Aliyechukuliwa na maji hana kaburi. Maneno ya mwanamke mzee asiyejua kusoma yalikuwa sahihi kuliko utafiti wangu, na mimi niliyapinda ili yatoshe kwenye jibu nililokwisha kulipenda.

Tatu, miezi. Nyanya alisema habari ilifika kabla ya mvua ndefu, watu wakiwa wanatayarisha mashamba. Mvua ndefu kwetu huanza Machi. Mtu aliyekufa Novemba angeweza kutangazwa Februari au Machi ya mwaka unaofuata, nikajisemea, barua za vita huchelewa. Jibu hilo nililipokea bila kulipima.

Mtu mmoja anayejitolea kupiga picha za makaburi ya vita alinitumia picha ya bamba la shaba. Desemba ile, watu wote wakiwa nyumbani kwa sikukuu, tuliita jamaa kutoka Mombasa hadi Eldoret, tukachinja mbuzi, mchungaji akasoma, tukapanda mwembe upande wa juu wa boma. Baba mkubwa alisimama mbele ya picha, akavua kofia, akamsalimu aliyempa jina. Alisema naye kwa muda mrefu, kwa sauti ya chini, na hakuna aliyemkatiza.

Nyanya alifariki mwaka uliofuata. Vitu vyake vikagawanywa, na mkebe wa biskuti aliokuwa akiweka chini ya kitanda ukaenda kwa shangazi. Aprili 2021 shangazi alinipigia simu. Ndani ya mkebe, chini ya stakabadhi za kahawa na cheti cha ubatizo, kulikuwa na karatasi ya kaki iliyokunjwa mara nne. Hakuna aliyejua kama ipo. Nadhani nyanya aliipokea kutoka kwa mama mkwe wake, na yeye alipokea kwa aliyeitwa na chifu siku ile.

Mchwa walikuwa wamekula upande wa kushoto. Wino ulikuwa umefifia hadi kuwa rangi ya chai ya maziwa. Nilipoiangalia mchana dirishani sikuona kitu. Usiku nikaiweka juu ya meza, nikazima taa, nikawasha tochi ya simu na kuilaza ubavuni, karibu kabisa na ubao, ili mwanga upite juu ya karatasi badala ya kuipiga kutoka juu. Kalamu ya karani ilikuwa imeuma karatasi, na kivuli kikaingia kwenye mikwaruzo. Zikaonekana tarakimu tatu za mwisho za nambari ya jeshi. Zikaonekana herufi EAA. Chini kabisa, 12.2.44.

Nilikaa na tarehe hiyo kwa muda. Februari 1944 Divisheni ya 11 ilikuwa bado Ceylon, nchi inayoitwa sasa Sri Lanka; ilipelekwa mpakani mwa Bama katikati ya mwaka ule. Mtu aliyekufa tarehe 12 Februari hakufika Bonde la Kabaw. Na EAA si KAR. Ni kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki.

Safari hii sikuandika jina. Niliandika tarehe na kikosi peke yake, nikabonyeza.

Sikuwa nimejiandaa kwa kilichotokea. Nilitegemea watu watatu, wanne. Ikaja orodha ambayo kidole kilichoka kuisogeza: siku moja, kikosi kimoja, mamia ya majina. Wakamba, Wajaluo, Wanandi, Waganda, watu wa Tanganyika, wote tarehe 12 Februari 1944. Meli iliitwa Khedive Ismail. Ilitoka Kilindini mwanzoni mwa Februari ikiwa kwenye msafara wa kwenda Colombo, imebeba watu 1,511, na kati yao 996 walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki. Walikuwamo pia wauguzi na wanawake wengine wa jeshi. Karibu na visiwa vya Maldives nyambizi ya Japani, I-27, iliipiga kwa topido. Ilizama kwa dakika zisizofika hata tatu. Walikufa watu 1,297.

Maji yamemchukua.

Kwenye orodha ile alikuwapo Musioki, herufi i mahali pa y, na tarakimu tatu za mwisho za nambari yake zilikuwa zile zilizobaki kwenye karatasi ya mkebe. Mwana wa Kialo, wa Machakos. Nilituma picha ya karatasi na maelezo yetu kwa Tume, maana wao hupokea maombi ya marekebisho yakiwa na ushahidi wa maandishi, na sikutaka tena kuwa hakimu peke yangu.

Kisha nikasoma mahali jina lilipochongwa. Nairobi. Ukumbusho wa Afrika Mashariki, ndani ya Makaburi ya Vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Wasio na kaburi wameandikwa hapo, na watu wa meli ile wamo. Kwa miaka 11 nilipita na matatu za Ngong kwenda na kutoka kazini, asubuhi na jioni, na huwa nakaa upande wa dirisha.

Kumwambia baba mkubwa ilikuwa kazi ngumu kuliko kutafuta. Nilikwenda Jumamosi, nikamkuta akipalilia mwembe. Nilimweleza yote, pamoja na yale mambo matatu niliyoyaona nikayafumbia macho. Alisikiliza huku ameshika jembe. Nilidhani atanikemea. Alikaa kimya, halafu akaniuliza, "Yule wa kwenye picha, kwao wanajua?"

Nikasema sijui, baba.

"Basi tumemlilia mtoto wa watu miaka miwili. Si vibaya, alikuwa hana wa kumlilia. Lakini sasa ni wa kurudishwa. Wewe uliyemleta ndiye utakayemrudisha."

Picha aliishusha mwenyewe, akaifunga kwa gazeti na kunipa. Wiki iliyofuata tulikwenda naye Barabara ya Ngong. Majina pale yamepangwa kwa kikosi na cheo, kwa hiyo unaanza na kikosi cha mizinga ndipo unashuka. Alikataa nimwonyeshe. Alivaa miwani akatafuta kwa kidole, pole pole, akipita Muli, Mulwa, Musau, Musembi, kila jina akilitamka kwa sauti kama anayeita watu kwenye mstari. Alipofika kwenye Musioki alisema, "Wamemwandika kama alivyotamka Mswahili." Akaweka kiganja chote juu ya herufi.

Tangu hapo watu wa kijijini na wafanyakazi wenzangu wameniletea majina ya kutafuta, na nimejifunza mambo ambayo hakuna aliyenifundisha.

Injini nyingi za kutafuta majina ya wafu na ya ukoo zina kitufe cha majina yanayofanana kwa sauti. Nyuma yake mara nyingi kuna mbinu ya zamani iitwayo Soundex, aliyoipatia hataza Mmarekani Robert C. Russell mwaka 1918. Huchukua herufi ya kwanza ya jina, hutupa irabu, na konsonanti zinazobaki huzigeuza tarakimu kwa makundi: s, z, k na g kundi moja, t na d kundi jingine. Ilitengenezwa kwa majina ya Kimarekani, ambako Smith na Smyth ni vema wakutane. Nilikaa jioni moja na kalamu nikaipima kwa majina yetu. Musyoki, Musyoka, Musioki na Mushoka yote hutoka M220, vizuri. Lakini Nzioka ni N220, kwa sababu herufi ya kwanza haiguswi, kwa hiyo ndugu huyo wa damu hatokei kamwe. Muthioki, ambaye ni Musyoki yule yule aliyesikika vibaya, ni M320. Na M320 hiyo hiyo ndimo walimo Mutiso, Mutisya na Mutuku! Mutuku ni aliyezaliwa usiku, hana uhusiano wowote na wale wawili. Kyalo na Kiilu, majina yaliyonipoteza, yote ni K400. Mashine ingenithibitishia kosa langu bila kusita. Lakini karani akimwandika Kyalo kuwa Chalo, mashine itamtupa nje, kwa maana C si K.

Jirani yangu, mwanamke wa Siaya, alihangaika kumtafuta mama yake kwenye daftari la makaburi ya mji mmoja hapa nchini. Mama aliitwa Atieno. Daftari limepangwa kwa alfabeti, na alikuwa amesoma A yote mara tatu. Alikuwa kwenye O, Otieno, ambalo ni jina la mwanamume aliyezaliwa usiku. Herufi moja ya mwanzo ilikuwa imembadilisha jinsia na kumpeleka upande wa pili wa kitabu. Tulimpata kwa tarehe ya mazishi na nambari ya kibali cha kuzika, ambayo jirani alikuwa nayo kwenye pochi siku zote. Hakuna aliyemwambia kwamba kile kikaratasi ndicho ufunguo.

Kwa hiyo jina kwangu siku hizi ndilo la mwisho. Huanza na nambari, hata ikibaki nusu. Halafu tarehe, halafu kikosi au hospitali au kanisa, halafu mahali alipotoka. Jina naliweka pembeni mpaka vingine vikubaliane, maana jina ndicho kitu pekee kwenye fomu kilichopita katika sikio la mtu mwingine kabla ya kuandikwa. Na nikifika kwenye jina sianzi na mashine. Namsomea shangazi kwa simu kama lilivyoandikwa, kwa matamshi mabaya kabisa, na kumwomba anitajie majina yote ya Kikamba ambayo mgeni angeweza kuyaharibu hivyo. Hutaja matano au sita bila kuvuta pumzi. Mzee anayejua lugha ya marehemu ana hazina ambayo sijaipata kwenye programu yoyote.

Na kuna kitu kingine nakiuliza kila mara, ambacho 2018 sikujiuliza hata kidogo: kama huyu si wetu, ni wa nani? Nilipolichukua jina la Musyoka nililiona kama jina letu lililoharibika. Sikumwona mtu. Sikufikiri kwamba huenda karani aliandika sawasawa kabisa, na kwamba kuna boma fulani Kitui lenye mkebe wake.

Sitaki msomaji adhani nawalaumu wale makarani. Aprili ile ile ya 2021 Tume ilitoa ripoti yake kuhusu waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia bila kukumbukwa sawa na wengine. Ripoti inakadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi walikuwa wapagazi, wale wa Carrier Corps waliotuachia jina la Kariokor hapa Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Sanamu yao iko katikati ya Nairobi, askari wawili na mpagazi mmoja, tangu 1928. Nilikwenda kuitazama upya baada ya kusoma ripoti. Ina maneno ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, maneno ya heshima. Jina la mtu hata moja halimo. Watu wangu wa upande wa mama walipeleka wapagazi wawili, na kwao sina hata tahajia mbovu ya kufuata. Nikikumbuka hilo, ile i mahali pa y naiona kama kitu cha kushukuru. Kuna mtu alinyanyua kalamu.

Kumrudisha Musyoka wa Kiilu kumenichukua muda. Rekodi ilitaja Kitui na jina la lokesheni, ambalo mipaka yake imebadilishwa zaidi ya mara moja. Niliandika barua kwa machifu watatu. Mmoja alinijibu, akanialika kwenye baraza lake la Alhamisi.

Nilikwenda na baba mkubwa, alisisitiza. Watu kama sitini chini ya mgunga, wengi wao wazee na kina mama. Chifu akamaliza habari za mbolea ya ruzuku, akatupa nafasi. Nilisimama nikaeleza nilikotoka na nilichofanya, kwamba nilimchukua mtu wao kwa kutojua, na kwamba ana kaburi linalotunzwa, lina jina, lina nyasi zinazokatwa. Nikasoma jina kama lilivyo kwenye bamba. Nikalisoma tena kwa tahajia zote nilizokuwa nimeandika pembeni.

Palikuwa kimya. Mama mmoja akauliza Kiilu huyo alikuwa wa mbari gani, nikasema rekodi haisemi. Watu wakaanza kunong'ona. Nyuma kabisa mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya mzizi alinyanyua fimbo.

"Musyoka wa Kiilu hapa hatukuwa naye," alisema. "Sisi tulikuwa na Nzioka wa Kiilu. Alikwenda Bama. Ni ndugu wa baba yangu."

Baba mkubwa alinishika mkono, na nilisikia moyo ukipiga kama usiku ule wa saa saba. Watu wote walikuwa wamenigeukia wakingoja niseme ndiyo.

"Mzee," nikamuuliza, "kuna karatasi yoyote iliyobaki? Yenye nambari?"

Alifikiri. Kisha akamwita kijana mmoja aliyekuwa na pikipiki, akamwambia aende nyumbani, amwambie mama atoe ule mfuko wa ngozi ulio juu ya kabati, aulete kama ulivyo, asiufungue njiani. Kijana akawasha pikipiki. Mimi nikatoa kwenye mkoba picha iliyofungwa kwa gazeti, na tochi, nikakaa chini karibu na mzee tukangoja.